Kisiwa Kiko Mbali na Nani?

Mkazi wa Buhembe anaposhuka mjini Bukoba hadi ufukweni, jambo la kwanza kumkabili machoni ni Kisiwa cha Musira na majabali yake. Safari ya boti kukifikia ni fupi. Hata hivyo, wako watumishi wa umma waliofanya kazi Bukoba miaka mingi, wakastaafu na kuagwa kwa hotuba, pasipo kukanyaga Musira hata siku moja. Watu hao hao, likizo ya mwaka inapokaribia, huulizana habari za visiwa vya mbali: Unguja, Mafia, na hata Shelisheli, ambayo huijua kwa picha za kalenda tu.

Si kosa kuitamani Unguja. Ni haki ya kila mwananchi kuiona nchi yake yote. Lakini yafaa kuuliza neno hili "mbali" lina maana gani. Kisiwa kiko mbali na nani? Kwa mvuvi aliyezaliwa Bumbire, Bumbire haiko mbali, ndiyo nyumbani. Kilicho mbali kwake ni hospitali, ni ofisi ya wilaya, ni shule ya watoto wake wakubwa. Anayekiita kisiwa hicho "pembezoni" anapima dunia kuanzia mezani kwake.

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake ni maji ya Tanzania. Katika maji ya Wilaya ya Muleba peke yake vimo visiwa vingi: Bumbire, Ikuza, Kerebe, Mazinga, na Goziba iliyojitenga mbali na pwani. Humo wanaishi wananchi wanaovua sangara, sato na dagaa, wanaolima, wanaopiga kura na wanaolipa ushuru. Humo zimo shule zenye walimu. Aghalabu mwalimu anayepangiwa kazi kisiwani hupewa pole na wenzake kana kwamba amefiwa, ilhali mtu anayelipa fedha nyingi kwenda kupumzika kwenye kisiwa cha nchi nyingine hupewa hongera. Maji ni maji, na mchanga ni mchanga. Kinachotofautiana ni kasumba iliyomo vichwani.

Historia nayo ina somo juu ya namna ya kufika kisiwani. Mwezi wa Aprili mwaka 1875, Henry Morton Stanley alitia nanga Bumbire akiwa katika mashua yake, akitafuta chakula. Wenyeji waliivuta mashua hiyo nchi kavu na kumnyang'anya makasia, na ilikuwa nusura apoteze maisha. Mwezi wa Agosti alirudi na mitumbwi mingi na bunduki, akawapiga risasi watu wa Bumbire kutoka majini, nao wakiwa ufukweni na mikuki na mishale yao. Makumi waliuawa. Habari hizo zilipofika Uingereza zilizusha lawama hata miongoni mwa watu wake. Lakini ni yeye aliyeandika kitabu, si wao, na kwa muda mrefu dunia ilivijua visiwa hivi kwa maneno ya mtu mmoja aliyefika bila kualikwa na kuondoka akiwa ameua. Msafiri wa leo hachukui bunduki, anachukua kamera. Hata hivyo, swali lililomhusu Stanley lamhusu yeye pia: je, wenyeji wana habari kwamba anakuja, na watabaki na nini akishaondoka?

Kusini zaidi kipo Kisiwa cha Rubondo, ambacho leo kimo katika Mkoa wa Geita. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa. Kati ya mwaka 1966 na 1969, kwa juhudi za Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, sokwe waliokuwa wamefungwa katika bustani za wanyama za Ulaya waliletwa na kuachiwa humo, na kizazi chao kingali kinaishi msituni. Ndovu na twiga nao walihamishiwa huko. Msitu wake umehifadhiwa vyema, na maji yanayokizunguka, ambamo uvuvi wa kibiashara umepigwa marufuku, ni mazalio ya samaki. Hayo ni manufaa makubwa ya taifa. Lakini mgeni anayekisifu kwa ukimya wake hana budi kujua kwamba wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo walihamishwa ili ukimya huo upatikane. Si kila mahali pasipo na watu palikuwa hivyo tangu mwanzo.

Basi mtumishi au mwalimu anayeamua kuitumia likizo yake visiwani aipange vipi safari yake? Jambo la kwanza ni majira. Pwani ya Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na mvua hizo huzidi mwezi wa Aprili. Dhoruba za ziwa mara nyingi hujikusanya usiku na kupiga pwani ya magharibi alfajiri. Wahaya wa kale, waliomtaja Mugasha kuwa mwenye ziwa na dhoruba, hawakuwa wakijitungia hadithi za kufurahisha watoto. Walikuwa wakifundishana adabu ya maji. Miezi ya Juni hadi Agosti ina mvua chache, na ni bahati njema kwamba likizo ya katikati ya mwaka ya shule huangukia humo. Neno la mvuvi mzee pale mwaloni, anaposema leo haifai kuondoka, lina uzito kuliko ratiba yoyote.

Jambo la pili, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni chombo. Mkoa wa Kagera hauhitaji kukumbushwa tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ikiwa na watu wengi kupita uwezo wake. Mamia walikufa, na ziko nyumba ambazo mpaka leo hazijapona. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara, Ukerewe, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Miaka 22 ilipita kati ya misiba hiyo miwili, na sababu ilikuwa ile ile: chombo kupakia kupita kiasi.

Hapa ndipo safari ya likizo inapoacha kuwa starehe ya mtu binafsi. Mtalii akiona boti imejaa mno na haina majaketi ya kuokolea, anaweza kuahirisha safari yake. Hasara yake ni siku moja. Mama mjamzito wa Ikuza anayehitaji kufika hospitali hana nafasi hiyo. Yeye atapanda, kwa kuwa hana chombo kingine. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayekataa kupanda boti iliyojaa, kisha akaenda kimya kutafuta nyingine, amejiokoa mwenyewe tu. Wajibu wake ni kusema hadharani pale mwaloni, na kulifikisha jambo hilo kwa uongozi wa kijiji na kwa vyombo vinavyosimamia usalama majini, mpaka iwe desturi kwamba boti isiyo na majaketi ya kutosha haiondoki. Wananchi wa visiwani hawakosi ujasiri. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia kufika. Watu 19 walikufa, lakini 24 waliokolewa. Watu waliookoa wageni kwa namna hiyo wanastahili nao kusafiri kwa amani katika ziwa lao.

Jambo la tatu ni mwenendo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Afikaye kisiwani ajitambulishe kwa uongozi wa kijiji, alale na kula kwa wenyeji na alipe bei ya haki, asipige picha za watu kana kwamba ni wanyama wa hifadhini, na kama ni mwalimu, apite shuleni na kuwasalimu wenzake, asikilize wanachokosa. Atakayerudi bara na orodha ya mambo hayo, akaifikisha panapohusika, atakuwa amesafiri kweli. Siku mwalimu kijana atakapopangiwa Goziba na kupewa hongera badala ya pole, kwa kuwa boti ni salama na njia inajulikana, hakuna atakayekiita tena kisiwa hicho cha mbali.