Deni la Sokoni Lisifike kwa Baba Mkwe

Nauza mchele wa Magugu sokoni hapa Babati, na simu ndiyo inayoniendeshea biashara. Naagizia mzigo, napokelea malipo, na mchana namuuliza mwanangu kama amekula. Sina ugomvi na simu. Ugomvi wangu ni na mikopo ya mtandaoni, hii kausha damu inayotoka kwa dakika chache.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri iliposimamishwa mwaka 2023, wengi wetu tulikosa pa kushika. Mwenzangu wa meza ya nyanya alikopa kwenye simu mtaji ulipokata. Programu ikamwomba ruhusa ya kuona namba zote alizohifadhi. Akakubali, maana bila hivyo pesa haitoki. Alipochelewa kurejesha, ujumbe ulikwenda kwa wateja wake, kwa mwalimu wa mtoto, na kwa baba mkwe kule Galapo: jina lake kamili, kiasi anachodaiwa, na neno "tapeli". Mzee macho hayaoni vizuri. Aliyemsomea ni mjukuu, mtoto wa mama huyo huyo.

Deni limeshalipwa. Lakini mwenzangu Galapo hajakanyaga tena; hata ulipotokea msiba alituma rambirambi kwa simu, na mumewe akaenda peke yake.

Wapo wanaosema alijitakia. Sikubali hata kidogo. Vikoba navyo vina ukali wake, tumeshaona watu wakibebewa makochi. Ila kwenye kikoba wanaolijua deni lako ni wale mliokaa pamoja mkadhaminiana. Yule mzee hakukopa wala hakumdhamini mtu.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zinazokopesha bila leseni na kuwatahadharisha wananchi. Ilifanya vyema, lakini onyo hilo linamsaidia anayetaka kukopa. Aliyetumiwa ujumbe je? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na namba ya mzee ni taarifa yake mwenyewe. Sokoni kwetu sijakutana na anayeijua sheria hiyo.

Maofisa maendeleo ya jamii wa kata wanatufikia sokoni kuhamasisha vikundi. Waje pia kupokea malalamiko haya, wayapeleke kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo, na wayapokee hata kutoka kwa mtu asiyedaiwa shilingi. Mzee wa Galapo ujumbe wake bado anao.