Wufa mbili kwenye ndai ya spoti? Hapo unawalipia majirani mdundo

Kuna jambo sisi vijana wapenda magari Nairobi tumelikubali bila kuuliza: kwamba ukishapata ndai ya spoti, hatua inayofuata ni kujaza buti kwa wufa. Wala si moja. Ni mbili za inchi 12, kwenye sanduku lililovishwa zulia jeusi, amplifaya yenye taa za buluu ikiwa imelazwa juu. Toyota 86, Mazda RX-8, Fairlady Z, hata Roadster ya Mazda ambayo buti lake ni la lita 130 hivi, zote zinapewa dawa hiyo hiyo.

Mimi napinga. Besi naipenda, tena sana, na spika zinazokuja na mengi ya magari haya ni aibu tupu. Ninachopinga ni sanduku.

Tumeurithi mtindo huu kwa nganya, hilo tusifichane. Tumekulia ndani ya matatu za Rongai na Umoinner, na akilini mwetu muziki wa gari ni ule unaokutikisa mbavu kabla hujapata kiti. Lakini matatu ina sababu zake. Ni basi la watu 33, lina nafasi chini ya viti na nyuma, na kelele ile ni tangazo la biashara: abiria aisikie akiwa mbali, aiache nyingine ipite. Wewe na gari lako la milango miwili hamchukui abiria pale Archives. Unamwitia nani?

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapigwa. Wufa ya inchi 12 kwenye sanduku lenye tundu la kupumulia huhitaji lita 50 au zaidi za hewa ndani. Ongeza unene wa mbao za MDF, kawaida milimita 18 kila upande, na sanduku hilo linakula zaidi ya lita 70 za buti. Ziwe mbili, buti la Roadster limekwisha. Kwenye 86 labda lienee, lakini hujauliza litapita vipi, maana mdomo wa buti lile ni mwembamba kuliko tumbo lake. Nimeona sanduku likiingizwa kupitia viti vya nyuma vilivyolazwa, na likiingia halitoki bila fundi.

Sasa sikiza. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika iliyoitwa AR-1. Alichofanya ni kuifungia wufa ndani ya sanduku dogo lisilopitisha hewa hata kidogo, ile hewa iliyonaswa ndani ikafanya kazi ya springi. Besi ya chini kabisa ikatoka kwenye kitu unachoweza kukiweka juu ya rafu. Baadaye Anton Hofmann, ambaye ndiye ile H ya kampuni ya KLH, akaeleza kanuni ambayo hakuna fundi wa Kirinyaga Road wala wa California ameikwepa: sanduku dogo, besi ya chini, sauti kubwa kwa wati chache. Unaruhusiwa kuchagua mawili tu.

Mwenye gari la spoti hana budi kuchagua sanduku dogo na besi ya chini, kisha alipie kwa wati. Na wati siku hizi si tatizo. Amplifaya za aina ya D ni ndogo kama kitabu, hazipati joto jingi, na zinaingia chini ya kiti. Wufa moja ya inchi 10 kwenye sanduku lililofungwa inatosheka na lita 20 hivi. Za inchi 8 zinahitaji hata kidogo zaidi ya hapo, na kuna zile bapa zilizoundwa mahsusi kwa mahali pembamba.

Halafu kuna zawadi ambayo wenye Noah na Wish hawaipati kama wewe. Chumba cha abiria kikiwa kidogo na vioo vimefungwa, chenyewe huinua sauti za chini, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo msaada huo unavyoanza mapema. Kwa hivyo gari lako dogo linakusaidia, wala si adui wa besi. (Ukifungua paa la Roadster msaada huo unapeperuka, lakini hapo unashindana na upepo wa Thika Road na hakuna wufa itakayoushinda.)

Mahali pa kuiweka pia pasikuumize kichwa. Sikio haliwezi kuonyesha besi ya chini inatokea upande gani. Wimbi la sauti la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, refu kuliko gari lenyewe. Ndiyo maana Nissan, walipotengeneza Fairlady Z33, ile inayojulikana pia kama 350Z, na kuipa muziki wa Bose, waliiweka wufa nyuma ya kiti cha dereva. Buti walikuwa tayari wamelipitishia chuma kinene cha kukaza bodi. Wahandisi waliochora gari zima waliona buti si mahali pake, sisi tunang'ang'ana.

Mahali ninapopapenda ni ule uwazi wa pembeni mwa buti, nyuma ya tao la gurudumu. Fundi mzuri wa faibaglasi anaweza kulifinyanga sanduku likafuata mkunjo wa bodi, na sakafu ikabaki wazi kwa begi. Linachukua siku kadhaa na si rahisi kama kununua sanduku lililo tayari pale Luthuli, lakini unalipia mara moja. Wengine huizika wufa kwenye shimo la spea. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Pancha saa tano usiku kule Gilgil haijali wufa yako ni ya kampuni gani. Kama gari lako lilikuja na kile kifaa cha kuziba pancha badala ya gurudumu, sawa, shimo ni lako. Vinginevyo mwachie spea nyumba yake.

Kuhusu majirani nilioanza nao: buti la magari mengi ya aina hii limetengwa na chumba cha abiria kwa chuma na viti. Besi ikifungiwa humo inatafuta njia nyepesi, na njia nyepesi mara nyingi ni kifuniko cha buti. Ndiyo maana unasikia nambari ya gari ikilia kama debe la misumari wakati dereva mwenyewe anaongeza sauti kwa sababu mbele haifiki. Soja wa geti amepata muziki kamili, mtoto wa ghorofa ya tatu ameamka, na aliyelipa anasikia nusu. Na kumbuka Kenya ina kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, ziko mikononi mwa NEMA. Kabla hata ya kununua wufa, bandika zile karatasi nzito za kuzuia mtetemo kwenye milango na kifuniko cha buti. Utashangaa spika za zamani zilikuwa na besi kiasi gani.

Najua jibu: "Ni gari langu, ni pesa yangu." Kweli. Lakini pesa hiyo wengi wetu tumeikusanya kwa miaka miwili mitatu ya hustle na chama, na soko linajua hatuulizi maswali. Chukua amplifaya iliyoandikwa wati 3,000. Geuza, angalia fyuzi zake. Kama ina fyuzi moja ya ampea 30, zidisha kwa volti 13.8 za gari likiwa linanguruma: unapata wati 414 zinazoingia, na zinazotoka ni chache kuliko hizo. Zile 2,500 na ushee ni za karatasi. Tena kuongeza wati maradufu kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo ukiwa barabarani huenda usiitambue.

Na kuna moto. Waya mkubwa unaotoka kwenye betri hadi nyuma unapita kwenye ukuta wa chuma ulio mbele yako. Chuma hicho kikiumenya waya na hakuna fyuzi karibu na betri, waya unageuka kipande cha jiko. Mafundi wengine huweka fyuzi kule nyuma kando ya amplifaya kwa sababu ni rahisi kufikia. Huko inailinda amplifaya, haikulindi wewe. Iwe ndani ya nusu mita kutoka kwenye betri, na tundu la waya liwe na mpira. Uliza pia kama waya ni shaba tupu au ni alumini iliyopakwa shaba, maana hiyo ya pili hupitisha umeme kidogo kwa unene ule ule na bei yake haifai kuwa sawa.

Fundi akikuambia maswali haya ni ya watu wa Google, mshukuru, chukua funguo zako, na uende duka la pili. Luthuli haina uhaba wa maduka.