Mayai si dawa ya rejeta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge tabia ya kumimina mayai mabichi au bizari katika rejeta inayovuja. Kijijini kwetu Land Rover kuukuu ya jirani yangu ndiyo hupeleka waja wazito hospitali. Mwezi uliopita ilichemka njiani ikiwa na mgonjwa. Mayai yalikuwa yameiva na kuziba vijibomba vyembamba vya rejeta, na kumbe maji yalikuwa yakivujia kwenye mpira wa juu, pale unapobanwa na klipu! Tulikata ncha iliyopasuka, tukaurudisha mpira na kukaza klipu kwa bisibisi. Kazi ya nusu saa, nyumbani.

Ndugu madereva, tafuteni kwanza panapovuja, injini ikiwa baridi. Gari likichemka msikimbilie kifuniko. Maji yaliyobanwa humo hupita nyuzi 100 za joto, na kikifunguliwa hugeuka mvuke ghafla na kumrukia mtu usoni. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wanalijua hilo, sijui watu wazima wanalisahau vipi.

Wenye maduka ya vipuri wilayani nao walete mipira na klipu; vitu hivi tunavifuata Tanga mjini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Handeni.