Tairi Kwanza, Urembo Baadaye

Ndugu msomaji, yakitajwa magari ya mbio, wengi wetu hukimbilia kusifu injini. Mabarobaro wengine husifu rimu: pana, kubwa, zinazometameta kama kioo. Tairi halitajwi ng'o! Mimi nashikilia kuwa dereva anayetaka kuliingiza gari lake la spoti katika uwanja wa mashindano hana budi kuanza na tairi, kisha rimu. Urembo auachie harusi.

Kwa nini? Gari lote, hata liwe na nguvu za farasi mia tano, hugusa lami kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Kuongeza mwendo, kufunga breki, kukata kona, yote hupitia hapo. Na wahenga walinena, kamba hukatikia pabovu.

Hebu tuzitazame rimu. Rimu kubwa aghalabu huwa nzito, na uzito huo huzitesa springi na breki, tena gari likachelewa kuchomoka. Rimu inayofaa ni nyepesi, imara, na yenye nafasi ya kutosha breki. Huko Marekani yapo mashindano ya gari dogo aina ya Mazda MX-5, yaitwayo Spec Miata, na rimu zake ni za inchi 15 tu. Kumpachikia MX-5 rimu za inchi 20 ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kuna jamaa wanaobisha ati kwa kuwa magari ya mbio hutumia vipara, basi tairi lililoisha hushika barabara vizuri zaidi. Porojo hizo! Tairi la mbio huundwa bila mistari makusudi. Mpira wake ni mwororo, nao hunata ukishapata moto kwenye lami kavu. Mvua ikinyesha, hata hilo huelea juu ya maji, na madereva hulibadilisha kwa lenye mifereji. Lakini lililoishia barabarani ni gumu, jembamba na li karibu kupasuka. Kipara cha mtoto mchanga si kipara cha babu!

Anayeendelea kubisha na akumbuke Indianapolis, Marekani, tarehe 19 Juni 2005. Siku mbili kabla, gari la Ralf Schumacher lilikuwa limegonga ukuta mazoezini baada ya tairi la Michelin kushindwa kuhimili kona yenye kasi. Siku ya mbio za Formula One, magari yote 14 yenye matairi ya Michelin yalizunguka mara moja ya kupasha moto, yakaingia gereji. Yalibaki 6 tu yenye matairi ya Bridgestone. Watazamaji walizomea sana. Mimi nasema waliojiondoa walitenda la busara. Injini zao zilikuwa na nguvu, lakini zingewafaa nini? Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Wanafunzi wenzangu, huenda ni wachache wetu watakaoendesha gari la spoti. Hata hivyo, matatu itakayotupeleka nyumbani likizo ikifika husimama juu ya viganja vivyo hivyo vya mpira. Kabla hujausifu muziki na michoro yake, inama utazame tairi. Ubavuni mna tarakimu nne za juma na mwaka wa kutengenezwa: 2219 ni juma la 22 la mwaka 2019. Ukiona kipara cha babu, ngoja gari jingine.