Vijana wa Usaili, Jifunzeni Sababu Kabla ya Majibu

Kila majina ya wanaoitwa kwenye usaili wa mchujo wa kazi za benki yanapotolewa, madesa huanza kuzunguka katika simu za vijana wetu. Nani alikuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu? Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka gani? Kijana hukesha akiyameza majibu, asubuhi akaenda kwenye chumba cha mtihani akiamini amejiandaa. Nasema kwa uchungu kwamba hajajiandaa. Swali likigeuzwa kidogo tu, hana pa kushika.

Tazameni historia ya benki nchini mwetu. Kwa mkariri ni rundo la miaka: 1919, 1966, 1967, 1991, 1997. Kwa anayeuliza sababu, ni kisa kimoja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, enzi za Mwingereza. Nchi zetu zilipojitawala na kushindwa kukubaliana juu ya benki kuu moja, kila nchi ilianzisha yake. Ndipo Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa Juni 1966, Gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, benki za biashara zikataifishwa, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara (NBC). Miaka ilivyosonga, mikopo isiyolipika ikawa mzigo mzito. Sheria ya mwaka 1991 ikaruhusu benki binafsi, na mwaka 1997 NBC ikagawanywa, humo ikatoka benki ya NMB. Aliyekishika kisa hiki hawezi kuchanganya mwaka na tukio, kwa maana kila tukio linamvuta mwenzake.

Misingi ya benki nayo isomwe vivyo hivyo. Benki hupokea amana za watu, ikazikopesha kwa riba kubwa kuliko ile inayowalipa wenye amana. Tofauti hiyo ndiyo tegemeo lake kubwa. Lakini wenye fedha wanaweza kuzidai wakati wowote, kwa hiyo haiwezi kukopesha zote. Sheria inaitaka iweke sehemu Benki Kuu, na ikipungukiwa hukopa kwa benki nyingine. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini Januari 2024 Benki Kuu ilianza kutangaza riba yake, ikianza na asilimia 5.5. Riba hiyo ikipanda, benki hukopeshana kwa gharama zaidi, mikopo kwa wananchi hupungua kasi, na mfumuko wa bei hupata breki.

Hesabu nazo msiziogope. Shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, riba ikihesabiwa juu ya mtaji peke yake, huzaa shilingi 360,000 kwa miaka mitatu. Riba ya kila mwaka ikiongezwa kwenye mtaji, huzaa 404,928. Mwenye kufanya hesabu hiyo kwa mkono wake, mwaka baada ya mwaka, hatahitaji kukariri kanuni.

Wapo watakaosema muda hautoshi, usaili ni wiki ijayo. Nawajibu: muda unaopotea ni ule wa kurudia mara kumi jambo lisilokaa kichwani. Someni taarifa ya Kamati ya Sera ya Fedha, imo katika tovuti ya Benki Kuu. Sikilizeni habari za uchumi redioni, kisha mweleze mwenzako ulichosikia bila kutazama daftari. Ukikwama katikati ya maelezo, hapo ndipo pa kurudia. Maswali ya zamani yatumieni mwisho, kwa kujipima.

Tena kuna jambo kubwa kuliko kufaulu. Mtakaopata kazi mtakaa dirishani, na mbele yenu atasimama mama muuza samaki anayetaka mkopo. Atauliza atarudisha kiasi gani kwa jumla, na nyumba aliyoiweka dhamana itakuwaje akichelewa kulipa. Swali lake halimo katika desa lolote. Karani asiyejua atamsainisha tu, na mama atajua maana ya saini yake siku nyumba inapopigwa mnada. Basi someni kama watu watakaoulizwa na mama huyo, maana anayeweza kumjibu yeye kwa haki atamjibu msahili pia.