Hisabati Haina Rangi, Lakini Kamati Ina Macho



Kila mwaka majira ya vuli, idara za hisabati za vyuo vikuu vya utafiti hapa Marekani hutangaza nafasi za profesa msaidizi: mtu anayepewa takriban miaka sita ya kupimwa, na akifaulu hupata ajira ya kudumu. Kwetu wakazi wa Irving hizi si habari za mbali. Tuna University of Texas at Arlington upande mmoja, University of Texas at Dallas kule Richardson upande mwingine, na ndugu zetu wa Houston wana University of Houston. Vyote ni vyuo vya umma. Kodi zetu zimo humo, na karo za watoto wetu pia.

Tukiuliza msomi aliyetokea Dar es Salaam, Nairobi au Makerere ana nafasi gani mbele ya kamati hizo, tunajibiwa kwa mkato: hisabati haina rangi. Hoja ama imethibitishwa ama haijathibitishwa, na kamati humchukua aliye bora.

Sisi tuliosomea uhandisi hatulikubali jibu hilo. Mizani ikisoma kilo 40 leo na kilo 70 kesho kwa gunia lile lile, halaumiwi gunia. Hukaguliwa mizani.

Tuanze na David Blackwell, Mmarekani mweusi aliyepata udaktari wa hisabati mwaka 1941 akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka 1942 Jerzy Neyman alitaka aajiriwe Berkeley. Ubaguzi wa rangi ukazuia. Berkeley ilimchukua mwaka 1954, na mwaka 1965 akawa mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika National Academy of Sciences.

Wa pili ni wa hapa hapa Texas: Vivienne Malone-Mayes wa Waco, mji tunaoupita kila tukienda Austin. Mwaka 1961 chuo cha Baylor kilimkataa kama mwanafunzi kwa sababu ya rangi yake. Akaenda University of Texas, Austin, ambako R. L. Moore, mwalimu mwenye jina kubwa, alikataa kumpokea darasani. Mwaka 1966 alipata udaktari, na mwaka huo huo Baylor ile ile ikamwajiri kuwa mhadhiri. Je, katika miaka mitano hiyo kanuni za hisabati zilibadilika? Zilizobadilika ni kanuni za mlangoni.

Mtatuambia hayo ni ya kale. Haya, tutazame ya leo. Nafasi moja huweza kuvuta mamia ya maombi. Wanakamati ni wachache, nao wana madarasa ya kufundisha. Hawawezi kusoma kila makala, kwa hiyo hutazama kwanza barua za wadhamini: nani kaandika, naye anafahamika? Hapo ndipo mcheza kwao hutunzwa. Tangu mwaka 2002 vyuo vya Afrika Mashariki vimekuwa na mpango wa pamoja wa hisabati uliofadhiliwa na Sweden, na wasomi wamelelewa humo. Lakini barua ya profesa wa Mlimani inamfikia mtu asiyemjua mwandishi wake. Mwombaji hakushindwa hoja; hoja yake haikusomwa.

Juu ya hayo yakaja ya serikali. Sheria ya Texas iitwayo SB 17, iliyoanza kutumika Januari 2024, ilifunga ofisi za vyuo vya umma zilizoshughulikia usawa wa makundi katika ajira. Septemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B ya walio nje ya Marekani. Idara gani ya hisabati italipa kiasi hicho kwa mtu ambaye haijasoma hata ukurasa wake mmoja?

Hatuombi upendeleo, na hatutaki kijana wetu aajiriwe kwa huruma. Tunataka mambo mawili. Kwanza, vigezo viandikwe kabla ya maombi kufunguliwa, si baada ya majina kuonekana. Pili, kila mwombaji achague makala yake moja, na isomwe kabla ya barua. Wakisema hawana muda, tuwaulize: mtu huyu huenda akakaa nanyi miaka 30, mnakosaje siku chache za kumsoma?

Na sisi tusikae barazani tukinung'unika. Sheria ya taarifa za umma ya Texas inamruhusu mtu yeyote kuomba nyaraka za chuo cha umma. Tuandike, tuulize vigezo vya nafasi za hisabati vilikuwa vipi. Na mtoto akisema anataka kusomea hisabati, tusimwulize atakula nini kana kwamba kazi ni uuguzi na kompyuta tu. Kamati hizo huundwa na maprofesa. Tusipokuwa na wetu humo, tutaendelea kusomewa matokeo ya mizani ambayo hatujaruhusiwa kuigusa.