GAIRO SI SOKO LA MAKOMBO



Dunia yabadili magari yake. Mwaka 1997 Ujapani ilitoa Prius, gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likitumia petroli na betri kwa pamoja. Baadaye yakaja magari ya mseto yanayochomekwa kwenye umeme wa nyumbani, ambayo huenda makumi ya kilomita pasipo kuchoma tone la mafuta. Mwaka 2014 Toyota ikaanza kuuza Mirai, gari la haidrojeni. Ndani yake gesi hiyo hukutana na oksijeni ya hewa, umeme ukapatikana, na kitokacho nyuma ni maji.

Magari haya yatatufikia. Sisi twauliza: yatatufikia kwa faida ya nani?

Twauliza kutoka Gairo, na haki ya kuuliza tunayo. Wilaya yetu iko karibu katikati ya barabara ya Morogoro na Dodoma. Mabasi na malori yapita usiku na mchana. Viazi vitamu vya mkulima wa Ukaguru havifiki Dar es Salaam mpaka mafuta yalipiwe. Kijana wa bodaboda hununua petroli kwanza, chakula cha wanawe baadaye. Na petroli hiyo yote yaletwa kwa meli, kwa maana kiwanda cha TIPER pale Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta ghafi zaidi ya miaka 20 iliyopita. Vita vilipozuka Ukraine mwaka 2022, lita moja ilipita shilingi 3,000. Mtu wa Gairo hakupigana vita hivyo, lakini gharama yake aliilipa. Je, nchi huru hukaa hivyo, ikingoja bei kutoka ng'ambo kama mtumwa angojaye amri?

Umeme tunao. Bwawa la Julius Nyerere juu ya Mto Rufiji lina mashine 9 zenye uwezo wa megawati 2,115, na ya kwanza iliwashwa mwaka 2024. Mwaka huo huo treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Basi asituambie mtu kwamba umeme wa Mtanzania hauwezi kuvuta mzigo. Lakini reli hiyo yapita Kilosa, haipandi Gairo. Sisi wa barabarani twataka fungu letu.

Jiwe la betri nalo tunalo. Mahenge, katika mkoa wetu huu wa Morogoro, kuna akiba kubwa ya grafiti, na Serikali ina hisa 16 kwa mia katika kampuni ya Faru Graphite. Pasipo grafiti betri nyingi za magari hazitengenezeki. Lakini kazi ya kuisafisha ifae betri imeshikwa karibu yote na China.

Hapo wazee wa Morogoro watakumbuka mkonge. Katika miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikaongoza dunia. Sehemu kubwa ilipakiwa melini ikiwa singa tupu, wengine wakasokota kamba. Ikaja nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakaota majani na manamba wakarudi kwao mikono mitupu. Grafiti nayo ina nailoni yake, kwani viwanda vya ng'ambo hutengeneza grafiti ya bandia kutokana na masalia ya mafuta. Tukiuza unga mtupu, tutalia kilio kile kile.

Wako wasemao: Gairo yahitaji maji kwanza, magari ya umeme ni anasa. Twawajibu: pampu ya maji huendeshwa na nini? Waya ule ule ujazao betri ya pikipiki huvuta maji kisimani. Wengine wasema turukie haidrojeni moja kwa moja. Hapo twasema taratibu. Tangi lake ni la mgandamizo mkubwa na vituo vyake ni ghali. Huko California, Marekani, kampuni ya Shell ilifunga mwaka 2024 vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo. Ikiwa tajiri ameshindwa kukidumisha, maskini asikimbilie. Vyuo vyetu visome elimu hiyo, maana gesi ya Songo Songo imejulikana tangu 1974, na duniani haidrojeni nyingi hutolewa katika gesi ya namna hiyo.

Basi madai yetu ni haya. Kwanza, kituo cha kujazia betri kijengwe Gairo, kwa kuwa gari litokalo Morogoro au Dodoma huchoka hapa katikati. Pili, kila gari la mseto lililotumika lipimwe betri kabla ya kupakiwa melini, na mnunuzi aonyeshwe nguvu iliyobaki, tusije tukawa jalala la betri zilizokufa. Tatu, vijana wafundishwe kuzitengeneza, na mikopo ya pikipiki za umeme ipitie vyama vyao vya ushirika, isipitie kwa walanguzi. Nne, grafiti ya Mahenge isafishwe hapa nchini mpaka ifae betri.

Wanachama, lisomeni jambo hili katika matawi yenu, na kila mgombea ajaye kuomba kura aulizwe madai haya manne mbele ya watu. Umeme ni wetu, jiwe ni letu, barabara yapita mlangoni petu. Anayetaka kutuuzia gari na aje, lakini atukute tumeamka.